Pazia la Namba Kumi na Nne

Froukje hakuwahi kuwa na pazia la dirisha la mbele mpaka umri wa miaka sabini na mbili. Chumbani alikuwa na mapazia kama watu wote, na jikoni kitambaa cha kuzuia jua, lakini lile dirisha kubwa la sebuleni, linalotazama mtaa na mfereji, lilikaa wazi mchana na usiku. Taa zikiwashwa jioni, kila kitu kilionekana: kochi, saa ya ukutani, vyungu vya maua, mume. Ndivyo tunavyolelewa katika mji wetu huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na mama yake Froukje hakuwa na maneno laini kwa waliojifungia. Walevi ndio wanaofunga, alikuwa akisema, na wazinzi, na wanawake ambao vyombo vyao vya juzi bado viko kwenye sinki. Pazia lilifungwa mchana bila aibu kwa sababu moja tu, nayo ni msiba. Shuka jeupe likionekana dirishani, majirani waliacha shughuli zao wakaja bila kuitwa, huyu kuosha maiti, yule kupita mlango kwa mlango kutoa habari, mwingine kuchemsha kahawa na kukaa tu.

Mila hiyo ilikuwa na upande wa pili, ambao hakuna aliyefundishwa kwa kuwa hakuna aliyedhani unahitaji kufundishwa. Dirisha liko wazi, lakini wewe hutazami. Unapita na baiskeli yako, jicho likiangukia ndani unapunga mkono, unakwenda zako. Asiye na adabu ni yule anayesimama na kukodoa macho, si aliye ndani amevaa soksi zilizotoboka. Watu waliishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na sijasikia ugomvi hata mmoja uliotokana na dirisha. Kisha kila mtu akapewa jicho la kutia mfukoni, jicho lisilojua kupita wala kusahau, na akili zetu nzuri zote hazikutuambia kwamba mila imebaki na mguu mmoja.

Froukje aliuza mikate miaka thelathini na kitu kwenye duka la kona. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono yenye nguvu na mdomo usiokaa na neno. Mteja aliyelalamika kuwa mkate umeungua aliambiwa awashukuru, kwa kuwa wamempikia mara mbili. Mume wake, Hessel, alikuwa mlinzi wa daraja la kuinuka lililo mwisho wa mtaa. Mashua ikija, alilizungusha gurudumu mpaka daraja likasimama wima, halafu akachukua ufito wa kuvulia samaki, ambao mwisho wa uzi wake alikuwa amefunga kiatu cha mbao, akakibembeza mpaka kwa nahodha. Nahodha alitia sarafu mle kiatuni. Hessel alikivuta, akaitwaa, kisha akainua mkono juu, kiganja wazi, akakunja kidole gumba ndani na vidole vingine juu yake. Maana yake: imefika, pita salama. Hakuna mtoto wa mji huu asiyeijua ishara ile. Na hapo walipokuwa vijana wamefunga ndoa juzi, Hessel alianza kuifanya mbele ya dirisha lao kila asubuhi akienda kazini, na Froukje akamjibu vivyo hivyo kutoka ndani, na hawakuacha.

Daraja lile sasa linainuliwa na mtu aliye ofisini, mji mwingine kabisa, anayelitazama kwenye kioo. Hessel alipewa saa na keki akarudishwa nyumbani. Miaka michache baadaye akaanza kuweka viatu kwenye friji.

Siku daktari alipowatajia ugonjwa, walirudi nyumbani kwa miguu kando ya maji. Hessel wakati huo akili zake zilikuwa bado nyingi kuliko alizopoteza. Akasimama pale darajani kwake, akamshika mkewe mkono.

"Froukje, utanivumilia kwa yote. Ila usinipeleke kwenye yale majumba yao ya wazee. Nitakufa mle kama sina maji ya kutazama."

"Nikupeleke wapi, na wewe hata soksi hujui kuvaa peke yako? Utakaa pale dirishani mpaka uchoke."

Hiyo ndiyo ahadi. Aliibeba miaka minne, mzigo juu ya mzigo. Alimwogesha, akamlisha, akamfuata mtaani alipotoka na pajama kwenda kufungua daraja lisilomhitaji. Alichoka hoi, na aliyemuuliza hali aliambiwa kwamba nyumba ya namba kumi na nne iko salama, asante. Msaidizi wa kumwogesha alikuwa akija asubuhi mbili kwa wiki, na Froukje aliona hata hizo ni nyingi.

Ng'ambo ya mfereji, mkabala na dirisha lao, alihamia mwanamke aitwaye Marloes. Alitoka Utrecht, alikuwa na miaka arobaini hivi, na alifanya kazi zake nyumbani kwa kompyuta. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke, maana wengi wangependa awe mbaya ili wengine tupumue. Alipanda maua kwenye ukingo wa mfereji. Alijiunga upesi na kundi la mtaa la kwenye simu, lile lililoanzishwa kwa ajili ya wezi wa baiskeli na ambalo sasa lilijaa paka waliopotea na watu wanaoulizana moshi unatoka wapi. Froukje naye alikuwa kwenye kundi hilo, kwa kuwa binti yake alimwingiza. Hakulisoma. Alisema akitaka kujua ya mtaani atafungua mlango.

Jioni moja ya Novemba, taa zimewashwa, walikuwa mezani wakila viazi vya kuponda. Hessel alikuwa amekichomoa sikioni kifaa chake cha kusikilizia, akachezea mpaka kikafunguka, na Froukje alipogeuka na sufuria akamwona anamumunya kitu. Ilikuwa ile betri ndogo ya mviringo. Daktari alishamwonya kuhusu betri hizo, kwamba ikishuka inaunguza koo na tumbo hata kwa mtu mwenye afya. Akaitupa sufuria. Akamshika taya, akaingiza vidole kinywani. Hessel akaogopa, akamng'ata mpaka damu. Froukje akamzaba kofi, kofi la kweli, mdomo ukafunguka, akapiga kelele "Tema! Tema!" akaichokonoa betri ikatoka na mate. Kisha akapiga magoti, akamkumbatia kiunoni, akalia kama mtoto, na Hessel akawa anampapasa kichwa akimuuliza kama ameumia.

Marloes aliona kofi. Simu ilikuwa tayari mkononi, kama ilivyo kawaida yake na yetu sote. Alirekodi vidole kinywani, kofi, mdomo wa Froukje ukipiga kelele. Akaacha kurekodi kabla ya magoti, kwa kuwa, kama alivyosema baadaye, alitaka kuwauliza majirani upesi. Akaipeleka video hiyo kwenye kundi na maneno haya: "Majirani, sijui niseme nini. Nimeona haya namba kumi na nne. Kuna anayejua kama mzee yuko salama?"

Mtu katika kundi, ambaye mpaka leo hajajitaja, aliirusha nje. Kulipokucha ilikuwa imeshafika mahali ambapo Friesland yenyewe ni jina tu. Na hapo wakajitokeza wale wenye huruma wa mtandaoni, ambao kuwahudumia wazee wao wenyewe hawana nafasi. Mmoja alisema yeye hujua kusoma midomo, na bibi huyu anasema "Kufa! Kufa!" Mwingine alitaka anuani. Mwingine akaitoa. Watu ambao hawajawahi kubadilisha pajama la mzee aliyelowa walielezana namna mwanamke huyu anavyopaswa kufanywa, na waliandika vizuri, kwa nukta na mkato.

Froukje alijua alipokwenda kununua mkate. Msichana wa dukani, ambaye Froukje mwenyewe alimfundisha kufunga maandazi kwenye karatasi, alimpa mkate bila kumtazama usoni. Alipofika nyumbani simu ikalia. Alikuwa Jildou, binti yake, anayeishi Zwolle, na alikuwa analia.

Froukje alimweleza habari ya betri, na Jildou akamwamini bila shida, maana alimjua baba yake na mikono yake isiyotulia. Froukje akavaa miwani, akafungua kundi kwa mara ya kwanza, akasoma kuanzia juu mpaka chini. Halafu akaandika kwa kidole kimoja, kile kisicho na bandeji: "Ilikuwa betri. Alitaka kuimeza." Akajibiwa na nyuso za kucheka, na mtu mmoja akauliza iko wapi sasa hiyo betri. Ilikuwa kwenye pipa la taka, na pipa lilikuwa limeshachukuliwa.

Jioni Jildou akapiga tena. "Mama, funga dirisha basi. Tundika hata shuka."

"Kwani nani amekufa?"

"Mama, watu wanasimama kukutazama."

"Anayefunga ni mwenye kosa. Nikifunga leo, nimekiri. Acha watazame wachoke."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu. Alidhani dirisha wazi bado linasema kile lilichosema wakati wa mama yake. Akawasha taa zote. Akavifuta vioo mpaka vikang'aa. Akamkalisha Hessel kwenye kiti chake, nywele zimechanwa, shati safi, ili kila mwenye macho aone mtu anayetunzwa. Na wakaja, kwa baiskeli, kwa miguu, wengine kwa gari kutoka miji mingine, wakasimama kando ya mfereji na simu zao juu.

Hessel alifurahi. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa akija kumtazama, na sasa ghafla walijaa kule kando ya maji, wamesimama, wanangoja. Alijua mtu anayengoja kando ya maji anataka nini. Akainua mkono wake, kiganja wazi, akakunja gumba ndani na vidole juu yake. Imefika, pita salama. Alifanya hivyo mara nyingi, kwa kila mmoja wao, uso umechangamka.

Video ya pili ilikuwa hiyo. Mwanamke mmoja mwenye wafuasi wengi alieleza kwa machozi kwamba ishara ile hufundishwa mtandaoni kwa watu wanaopigwa majumbani: kiganja, gumba ndani, vidole juu. Ndiyo ishara ya kuomba kuokolewa. Mzee huyu anaomba kuokolewa, alisema, na nyinyi majirani mnamtazama tu.

Baada ya hapo simu za wakubwa zilianza kulia, na mkubwa simu ikimlia sana huwa anafanya jambo lolote ili inyamaze. Wakamtuma mwanamke kijana, Annemiek, kutoka kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya ukatili majumbani. Alikuwa mpole. Alivua viatu mlangoni. Alimtazama Hessel shavuni, na alama ya kofi ilikuwepo bado, rangi ya manjano. Alisikiliza habari ya betri akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwonyesha Froukje ile video ya pili kwenye simu yake.

Froukje akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo? Hiyo ni ishara ya daraja, mwanangu."

"Daraja gani, Bi Froukje?"

Akamweleza. Gurudumu, ufito, kiatu cha mbao, sarafu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe kwamba anasimulia hekaya. Annemiek alikuwa mzaliwa wa upande wa kusini, na alipoajiriwa daraja lilikuwa linainuka lenyewe.

"Kuna mtu mwingine anayeweza kulisema hilo?"

"Mji mzima. Uliza yeyote mwenye mvi."

Annemiek aliitazama simu yake kidogo, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine. "Nimesoma kundi lenu lote. Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo."

Maneno hayo yalimkaa Froukje kuliko matusi yote. Kesho yake alimwacha Hessel na msaidizi, akaenda kwa Ype. Ype alikuwa nahodha mstaafu, amepita chini ya daraja lile maisha yake yote, tangu alipokuwa anakaa magotini kwa baba yake. Alimkuta anapaka rangi mashua yake. Hakumkaribisha ndani.

"Niliona, shemeji," Ype alisema kabla hajaulizwa. "Niliandika kila kitu, mpaka kile kiatu. Halafu nikafuta."

"Ukafuta kwa nini?"

"Yule mwalimu mstaafu alijaribu kukutetea siku ya kwanza. Umeona walivyomfanya? Walimtafutia mpaka picha za wajukuu zake. Na mimi nina wajukuu."

"Ype. Umetia sarafu kwenye kiatu kile tangu una meno ya utotoni."

"Najua."

"Basi hayo ya simu achana nayo. Njoo kwangu, umwambie yule dada kwa mdomo wako. Wanataka kumchukua Hessel."

Ype alichovya brashi, akaifuta kwenye ukingo wa kopo, akaichovya tena. Akasema ataona, labda baada ya wikendi. Hakuja. Na hakuwa peke yake, maana mji huu umejaa watu wenye mvi, na vidole vyetu vinafanya kazi vizuri sana tunapotafuta mwenye paka.

Walimchukua Hessel siku ya mvua. Waliita mapumziko, wiki chache tu, kwa faida ya wote wawili, wakati uchunguzi unaendelea. Froukje alimvalisha koti. Alikuwa amejiapiza hatalia mbele yake, na hakulia. Hessel alipofika kwenye gari aligeuka, akalitazama dirisha, akainua mkono. Froukje alikuwa amesimama pale pale anaposimama kila asubuhi. Akamjibu.

Chumba alichopewa kilitazama maegesho ya magari. Wiki ya kwanza Hessel aliuliza maji yako wapi. Wauguzi, watu wema waliozidiwa na kazi, walimletea glasi ya maji. Wiki ya pili hakuuliza. Froukje alikuja kila siku kwa basi, na kila siku alimkuta amepungua kidogo, kama sabuni.

Marloes alikuja kubisha mlango kipindi hicho, na shada la maua. Alikuwa amekonda. Alisema video ameshaifuta, na kundi ameomba lipewe kanuni mpya. "Nilikuwa na wasiwasi tu, jirani. Naapa. Sikujua itafika huko."

Froukje aliielekezea kidole kengele ya mlango.

"Mlango wangu una kengele, Marloes. Umeibonyeza sasa, umesikia inalia. Ungevuka mfereji jioni ile ukaibonyeza, ungenikuta nimeishika betri mkononi."

Froukje akayachukua maua, kwa kuwa maua hayakuwa na kosa, akafunga mlango taratibu.

Mwezi Januari alipigiwa simu na ofisi. Annemiek mwenyewe ndiye aliyezungumza, na sauti yake ilijaa furaha. Uchunguzi umekwisha, hakuna kosa lililoonekana, Hessel anaweza kurudi nyumbani mara mipango ya wasaidizi itakapokamilika. Habari hiyo haikurekodiwa na mtu, na haikusambaa popote. Froukje alikinunulia kitanda cha Hessel godoro jipya, akavifuta vioo vya dirisha nje na ndani.

Lakini kifua cha Hessel kilikuwa kimeshaingia baridi, ikawa homa ya mapafu. Siku ya mwisho hakumtambua mke wake kwa jina. Alimtazama tu, kisha mkono ukainuka kutoka kwenye shuka, polepole, kiganja wazi. Nguvu za kuvikunja vidole hazikuwepo. Froukje akamkunjia yeye, gumba kwanza, halafu vingine juu yake kimoja kimoja, akaishika ngumi ile mpaka ikapoa.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani, alilitoa kabatini shuka jeupe la mama yake, akapanda kiti, akalitundika dirishani. Ilikuwa mchana kweupe. Ndani kukawa na mwanga wa maziwa ambao hakuwahi kuuona katika nyumba ile. Akachemsha kahawa birika zima. Akatoa vikombe vyema vya harusi, akavipanga mezani, akakata keki ya sukari ya rangi ya waridi vipande vya kuwatosha watu wote wa upande huu wa mfereji. Alichana nywele, akakaa, mikono mapajani. Aliwakasirikia wote, na alikuwa tayari kuwafungulia wote. Hata Ype. Hata yule wa ng'ambo. Msiba ni msiba.

Simu ikaguna juu ya meza. Alikuwa Marloes, kwenye kundi: "Namba kumi na nne wamefunga pazia mchana huu. Kuna anayejua kuna nini?" Mtu akajibu kwamba hatimaye bibi ameona aibu. Kisha Ype, ambaye hakuwahi kutuma neno, akaandika: "Hessel amefariki. Acheni ujinga." Yule wa aibu akafuta maneno yake. Halafu zikaja nyoyo, na mishumaa, na viganja vilivyounganishwa, na nyoyo tena, moja juu ya nyingine, kutoka kila nyumba ya mtaa, mfululizo, mpaka simu ikawa inatetemeka juu ya meza na vikombe vinalia kwenye visahani vyake.

Froukje aliigeuza simu kifudifudi ili asikie kengele ya mlango vizuri. Alisubiri mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasimama, akaviosha vikombe vyote, vilivyo safi, akavirudisha kabatini.